Simu isiyo na kitundu cha laini: majibu kwa wasomaji

Tangu simu zisizo na mahali pa kuchomekea laini zianze kuingia mikononi mwetu, nyingi zikiwa zawadi za ndugu walio ughaibuni, maswali kuhusu laini za kidijitali, zile ambazo kampuni za simu huziita eSIM, yamekuwa yakitufikia mara kwa mara. Tunajibu baadhi yake.

Ndugu Mhariri, mpwa wangu anayefanya kazi Muscat ameniletea iPhone 17 mpya. Nimeigeuza pande zote, sioni pa kuweka laini, na fundi wa mtaani kwetu anasema ni bandia. Je, nimrudishie? Na kama ni halali, namba yangu ya M-Pesa itaingiaje humo? (Msomaji, Tanga)

Usiirudishe kwa sababu hiyo. Apple iliondoa kitundu cha laini kwanza katika simu zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 mwaka 2022, na ilipotoa iPhone 17 mwaka 2025 ikafanya hivyo pia kwa nchi nyingine kadhaa, Oman na majirani zake wa Ghuba wakiwamo. Simu hiyo hiyo ikinunuliwa Uingereza huja na kitundu, kwa hiyo si ajabu fundi wako aliyezoea aina moja akaitilia shaka nyingine.

Ndani ya simu yako mna chipu iliyounganishwa kabisa na ubao wake, na kazi yake ni ile ile ya kadi: kutunza utambulisho wako pamoja na ufunguo wa siri ambao mtandao huutumia kuhakikisha kwamba anayepiga ndiye mwenye namba. Kadi hufika dukani ikiwa tayari imebeba taarifa hizo, ilhali chipu huzipokea kwa njia ya intaneti baada ya kampuni ya simu kukuthibitisha.

Piga *#06# na utaona, pamoja na namba nyingine, ile ya EID yenye tarakimu 32, ambayo ndiyo utambulisho wa chipu hiyo. Kisha nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni unayoitumia, uombe namba yako ihamishwe kutoka kwenye kadi. Vodacom na Airtel wanatoa huduma hii Tanzania, kama wafanyavyo Safaricom na Airtel kwa wasomaji wetu wa Kenya. Ukishathibitishwa utapewa msimbo wa QR wa kuupiga kwa kamera ya simu. Hakikisha pana Waifai au mtu wa kukugawia intaneti, maana simu ambayo haijapata laini haiwezi kuipakua kwa bando ambalo haina. Namba haibadiliki, na fedha zako za M-Pesa ziko salama kwa kuwa hazikukaa kwenye kadi hata siku moja: salio liko kwenye mitambo ya kampuni, na *150*00# itaendelea kukufungulia menyu ile ile. Kadi ya zamani itazimika.

Jambo ambalo ningelichunguza kabla ya hayo yote ni kama simu imefungwa kwa kampuni moja ya huko ilikonunuliwa. Fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, utafute mstari unaoeleza kama ina kizuizi cha laini. Ikiwa kizuizi kipo, hakuna duka la hapa litakalokusaidia mpaka kampuni iliyokiweka ikiondoe.

Kwa nini waiondoe kadi iliyokuwa haina tatizo lolote? (Msomaji, Nakuru)

Kadi ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki, na tangu hapo imekuwa ikikatwa hadi kufikia hii ndogo ya mwaka 2012 yenye milimita 12.3 kwa 8.8. Sehemu inayofanya kazi ni kile kipande cha rangi ya dhahabu tu. Plastiki iliyobaki ni ya kushikia. Watengenezaji wanasema kuondoa kitundu kunawapa nafasi, na ni kweli kwamba iPhone 17 Pro isiyo na kitundu ina betri kubwa kuliko ile yenye nacho. Hata hivyo, mafundi walioifungua iPhone 14 ya Marekani mwaka 2022 walikuta nafasi ya kitundu imezibwa kwa kipande cha plastiki, kwa hiyo faida hiyo mteja hakuionja tangu siku ya kwanza.

Nimesikia kwamba laini ya kidijitali haiwezi kuibiwa. Je, ndiyo mwisho wa matapeli? (Msomaji, Dodoma)

Inategemea ni mwizi wa namna gani. Anayekupora simu stendi hawezi tena kuchomoa kadi, kuiweka kwenye simu yake na kusubiri ujumbe wenye namba za uthibitisho wa benki yako, na hilo si jambo dogo. Wala hawezi kunakili laini kwa kuitazama, kwa sababu kinachopakuliwa kimefumbwa kwa ajili ya chipu moja pekee, na msimbo wa QR kwa kawaida hutumika mara moja tu.

Tapeli anayekwenda kwa wakala au kumrubuni mfanyakazi wa kampuni ili namba yako ahamishiwe yeye hajali kama laini yako ni ya kadi au ya kidijitali, kwa sababu udhaifu anaoutumia uko mezani kwa anayekuthibitisha. Usimtumie mtu yeyote picha ya msimbo wako wa QR, hata akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Mara kwa mara piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla ilhali ya jirani inashika, wahi kupiga simu kwa kampuni yako kwa simu ya jirani huyo huyo.

Simu ikifa kioo nikiwa safarini, nitafanyaje? Zamani nilichomoa laini nikaiweka kwenye kitochi. (Msomaji, Kigoma)

Hapa ndipo penye hasara hasa, na matangazo hayapagusi. Uwezo wa kuhamisha namba, uliokuwa kwenye kucha zako mwenyewe, sasa uko kwa kampuni: simu ikifa Jumapili usiku huko ambako duka la karibu liko mwendo wa saa kadhaa kwa basi, namba yako italala hapo pamoja na fedha zake. Simu mpya zina njia ya kuhamisha laini kutoka moja hadi nyingine, lakini kampuni lazima iiruhusu, na simu ya zamani inapaswa kuwa nzima.

Ushauri wangu, kwa mwenye simu inayokubali laini za aina zote mbili, ni kuiacha namba ya fedha kwenye kadi na kuweka ya kidijitali kwa bando au kwa safari za nje. Asiye na kitundu aweke akiba ndogo kwenye laini ya pili iliyo kwenye kitochi.

Mama yangu anatumia kitochi. Je, laini yake itafungwa? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Kampuni zinaendelea kuuza kadi, na kitochi chake hakihitaji kubadilishwa.

Nikitaka kuuza simu yenye laini ya kidijitali nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

Hamishia namba kwanza kwenye simu mpya au kwenye kadi, ujaribu kupiga, ndipo ufute kila kitu kwenye ya zamani. Wakati wa kufuta, simu nyingi huuliza kama uondoe laini au uibakize: anayeuza aiondoe, na anayempelekea fundi kwa matengenezo aibakize. Kuifuta kwenye simu hakuifungi kwa kampuni. Namba inabaki yako, lakini kuipakua upya kunaweza kukurudisha dukani ukiwa na kitambulisho mkononi.