Barua kwa Mwanangu: Tanuki, Mujina na Wanaowapa Majina

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ya kutoka Utsunomiya, Japani, imetufikia salama. Umeuliza kama tanuki na mujina ni mnyama mmoja, na majina hayo yana maana gani. Tanuki ni mnyama wa jamii ya mbwa, mwenye manyoya mazito na mabaka meusi machoni, na asili ya jina lake wataalamu hawajaafikiana. Mujina ni jina ambalo mahali pengine hupewa mnyama mwingine wa jamii ya nyegere, na pengine hupewa tanuki mwenyewe. Hayo utayapata katika kamusi yoyote, kwa hiyo niruhusu nikujibu lile ninaloliona zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kumpa mnyama jina.

Huko huko mkoani Tochigi unakoishi, tarehe 29 Februari 1924, mwindaji mmoja aliwafungia wanyama wawili pangoni kwa kuziba mlango kwa mawe, akarudi siku chache baadaye kuwaua. Kuanzia tarehe 1 Machi sheria ilikataza kukamata tanuki, naye akashtakiwa. Alijitetea kwamba yeye hakukamata tanuki bali mujina, kama wanyama wale walivyoitwa kwao tangu zamani. Mwaka 1925 mahakama ya juu kabisa ya Japani ya enzi hizo ilimwachia huru. Ilisema kwamba uwindaji ulikwisha siku ile alipoziba pango, kisha ikaongeza neno ambalo kila nikilikumbuka hunifurahisha: kwamba majina hayo mawili yameishi pamoja tangu kale, na kama sheria ilitaka tanuki awe ni pamoja na mujina, ilipaswa kuwaeleza wananchi hivyo waziwazi.

Hata hivyo, mwaka mmoja tu kabla yake mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani mtu aliyekamata mnyama anayeitwa moma kijijini kwake, bila kujua kwamba ndiye yule ambaye sheria inamwita musasabi, kindi mkubwa anayeruka kwa ngozi iliyotanda kati ya miguu yake. Naweza kusema kwamba moma lilikuwa jina la pembeni tu, ilhali mujina lilijulikana nchi nzima. Lakini nikisema hivyo ninakuwa nimekubali kwamba jina la kijiji kidogo halina uzito mbele ya sheria, jambo ambalo nimelipinga muda wote niliofanya kazi ya wanyamapori, kama unavyojua wewe na mama yako. Nimekuwa nikisema, na narudia, kwamba jina la mnyama huwa kwanza la yule anayelala jirani naye.

Hilo nililiona kwa macho yangu huko Akita, mkoa mwingine wa Japani, wakati ule nilipokuwa mafunzoni nanyi mkabaki Moshi kwa bibi yenu. Tulipelekwa milimani na mzee mmoja wa wale wawindaji wa jadi waitwao matagi. Njia nzima ya kijijini alizungumza habari za kuma, yaani dubu, kwa sauti ya kawaida, lakini tulipolipita hekalu dogo lililo mpakani mwa msitu alivua kofia, akainama, na tangu hapo hakulitamka tena neno hilo; dubu akawa itazu, kwa sababu matagi wana maneno ya mlimani ambayo ni tofauti na ya nyumbani. Mkalimani wetu, msomi wa mjini, alilitafuta itazu kwenye kamusi yake ya mfukoni asilione, akatuambia tusiliandike. Mimi nililiandika. Nilimkumbuka bibi yenu alivyotukataza kumtaja nyoka usiku, nikamwelewa yule mzee bila mkalimani.

Majina mengine ya huko yametoka jikoni. Nguruwe mwitu huitwa inoshishi, na shishi zamani ilikuwa nyama ya mawindo, kwa hiyo jina lenyewe ni nyama ya i, ambalo ndilo jina la kale la nguruwe. Paa naye aliitwa kanoshishi kwa mtindo huo huo. Mbwamwitu ni ookami, linalosikika sawasawa na mungu mkuu, na katika hekalu la Mitsumine huko Chichibu bado anaheshimiwa, ingawa wa mwisho aliyethibitishwa aliuawa Nara mwaka 1905.

Ungetaka nikuambie kama yule wa moma alionewa. Moyo wangu unasema ndiyo, na kalamu imeshafika hapo mara mbili nikairudisha, kwa kuwa sheria inayomsamehe kila mwenye jina lake mwenyewe haitamlinda mnyama yeyote, na mimi nimewazika tembo wengi mno kuweza kulipuuza hilo. Kwa sasa sihukumu. Waulize wazee wa hapo Tochigi kama bado wanasema mujina, na wanapolisema wanamwonyesha mnyama yupi, kisha uniandikie.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako