Kompresa ya kufunga au ya kubeba?

Mkuu, umeuliza ufunge kompresa ya kujaza upepo kwenye matairi chini ya boneti au ununue ya kubeba. Kwa mizunguko ya huku Mwanza, chukua ya kubeba. Ukishusha upepo wa matairi hadi psi 18 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) ili upite mchanga wa ufukweni kule Magu, lazima uujaze tena kabla ya kuingia lami ya Musoma, na mwenzako wa nyuma naye atahitaji. Ya kubeba unampa tu.

Ila bana nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma. Tundu la sigara fyuzi yake ni ndogo, inaweza kuungua hata tairi la kwanza halijajaa! Na kompresa ikichemka ipumzishe.

Ya kufunga nunua kama una difuloki za upepo, yaani zile zinazotumia upepo wa kompresa kufunga difu ili magurudumu ya pande mbili yazunguke pamoja. Fundi aiweke juu, mbali na joto la injini na tope la mbuga.