Kwa nini kifafa huzidi lava wa tegu anapokufa ubongoni?

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 27. Baada ya kuanguka kifafa mara mbili alipigwa picha ya CT mjini Dodoma, vikaonekana vifuko viwili vya lava (mnyoo mchanga) wa tegu ubongoni, ingawa kwetu hatuli kitimoto. Alipewa albendazoli ya kuua minyoo, prednisoloni na dawa ya kifafa, na siku ya nne akaanguka tena. Ikiwa mnyoo anakufa, mbona hali inazidi? Na kwa nini mgonjwa apewe dawa inayopunguza kinga kama prednisoloni? Je, nimwachishe? (Mwalimu, Kongwa)

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa kuuguza. Kinachomwangusha mdogo wako sasa, kwa sehemu kubwa, ni taarifa ambazo seli za ubongo wake zinapeana kuhusu mnyoo huyo, kuliko mnyoo mwenyewe.

Nimewahi kupasua kifuko cha namna hiyo kilichotolewa kwenye msuli wa nguruwe. Kilikuwa na ukubwa wa zabibu ndogo, ngozi nyembamba, maji maangavu, na ndani yake nukta moja nyeupe, ambayo ndiyo kichwa cha tegu kilichojikunja. Lava aliye hai anaweza kukaa ubongoni miaka kadhaa bila dalili, kwa kuwa hutoa kemikali zinazozituliza seli za kinga zilizomzunguka. Anapokufa, iwe kwa dawa au kwa umri, utulizaji huo hukoma na protini zake huvuja.

Hapo ndipo huamka maikroglia, yaani seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo, ambazo utando wake una vipokezi vya kutambua mabaki ya vimelea. Kipokezi kikiguswa, ujumbe hupokezanwa kutoka kimeng'enya kimoja hadi kingine mpaka kwenye protini iitwayo NF-kB, ambayo kwa kawaida huzuiwa nje ya kiini cha seli na protini nyingine iitwayo IkB. Kimeng'enya cha mwisho huibandika IkB alama ya fosfeti, seli huivunjavunja, na NF-kB iliyofunguliwa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za saitokini, yaani protini zinazoamsha uvimbe, kama TNF na interlukini-1. Kufunguliwa huko hutokea ndani ya dakika chache tu.

Interlukini-1 hubadilisha vipokezi vya glutameti (kemikali inayosisimua neva) kwenye neva, kalsiamu nyingi zaidi ikaingia, na neva ikawa nyepesi kufyatuka. Astrositi, seli saidizi za ubongo ambazo hufyonza glutameti iliyozidi, nazo hulegea katika kazi hiyo, huku mishipa ya damu ikivujisha maji na eneo zima likivimba. Neva za eneo hilo zikifyatuka kwa pamoja, mgonjwa huanguka.

Prednisoloni hupenya ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, huizuia NF-kB isiwashe jeni zile na huchochea kutengenezwa kwa IkB mpya. Haimuui lava, inawapunguzia jirani zake madhara ya kifo chake. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri dawa ya minyoo na dawa ya aina ya prednisoloni zitolewe pamoja kwa mgonjwa mwenye dalili na vifuko vilivyo hai ndani ya ubongo. Kwa sababu hiyo hiyo naomba sana mtu mwenye kifafa ambaye hajapigwa picha asijitibu kwa dawa ya minyoo ya dukani.

Kuhusu kitimoto: nyama yenye vifuko isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga, kwa hiyo hata asiyekula nguruwe huambukizwa. Ni vema familia nzima ipimwe choo.

Usimwachishe dawa yoyote, wala usipunguze prednisoloni kwa ghafla. Mrudishe kwa daktari wake wiki hii ili aangalie kipimo cha dawa ya kifafa, na umweleze kama amewahi kuugua kifua kikuu au ana kisukari, kwa kuwa prednisoloni huyachochea yote mawili. Akianguka na kuendelea kutetemeka zaidi ya dakika 5, au akitapika huku kichwa kikimuuma sana, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.