Skuli zilipofungwa kwa korona, watoto wetu walipoteza mwendo gani?

Ndugu yangu wa Mwanakwerekwe, assalamu alaykum. Umeuliza mambo mawili. La kwanza ni vipi korona iwe imewapunguzia watoto wetu mazoezi ya mwili ilhali Zanzibar hatukufungiwa majumbani kama walivyofungiwa wenzetu wa Ulaya. Na la pili ni nini mzazi afanye skuli zikifungwa tena kwa maradhi mengine, kwani binti yako mkubwa, aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2020, aliacha kukimbia wakati ule na hajarudia, na sasa unamhofia mdogo wake. Ninajibu nikiwa mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na mzazi wa watoto wa kike na wa kiume, ambao wote niliwaona katika miezi ile.

Ni kweli kwamba hali yetu haikuwa ile ya Hispania, ambako watoto wa chini ya miaka 14 hawakuruhusiwa kutoka hata kwa matembezi kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 26 Aprili 2020. Mwaka 2022 lilichapishwa jarida moja la Marekani la tiba ya watoto likiwa na uchambuzi uliokusanya tafiti 22 na watoto zaidi ya 14,000 wa nchi mbalimbali, ukaonesha kwamba shughuli za mwili zilipungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba zile za kutoa jasho na kuhemesha ndizo zilizoanguka zaidi, kiasi cha dakika 17 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za namna hiyo kila siku, kwa hiyo dakika 17 ni zaidi ya robo ya haki yake. Sizichukui takwimu hizo nikazibandika Pemba, kwani mitaa yetu ina mambo yake. Lakini zinatuambia tuangalie wapi: tusiulize tu kama mtoto alitoka nje, tuulize kama alikimbia.

Zifikirie siku za mtoto wetu kabla ya Machi 2020. Aliamka mapema, akaenda skuli kwa miguu, akacheza nage au kuruka kamba wakati wa mapumziko, akarudi kwa miguu, akala, akaenda chuoni, yaani madrasa, alasiri, na njiani akafukuzana na wenzake mpaka mwalimu wa chuo akamgombeza kwa kuchelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaita hayo mazoezi, na kwa sababu hatukuyaita hivyo hatukuona yalipoondoka. Skuli zikafungwa katikati ya Machi, chuo cha mtaani kwetu nacho kikafungwa, na hadi zilipoanza kufunguliwa mwezi wa Juni mtoto hakuwa na safari hata moja ya lazima. Mwaka 2017, kabla ya maradhi haya, watafiti wa Marekani walikwishatoa hoja kwamba siku yenye ratiba humfanya mtoto atembee zaidi na alale kwa wakati kuliko siku ya mapumziko, hata kama siku ya mapumziko ina nafasi nyingi zaidi ya kucheza. Nilipoisoma hoja hiyo baadaye nilikumbuka wanafunzi wangu moja kwa moja. Kiwanja kilikuwepo, bahari ilikuwepo, na mchana wote ulikuwa wao, lakini kilichowatoa ndani na kuwakutanisha kilikuwa kimeondoka.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hasara hiyo haikugawika sawa. Wavulana wa mtaa wetu walipumzika siku chache, kisha chandimu likarejea, na waliokuwa wakienda kuogelea waliendelea kwenda, wazazi watake wasitake. Msichana wa miaka 10 au 11 hana ruhusa hiyo. Kwake yeye skuli na chuoni ndizo safari mbili ambazo hakuna mtu anayemuuliza anakwenda wapi, na ndani ya safari hizo mbili ndimo alimoficha mbio zake zote. Zilipoondoka, alibaki nyumbani akisaidia kupika, kufua, kuchota maji na kulea wadogo. Hizo ni kazi, tena nzito, na sitaki mtu aniambie kwamba mtoto huyo alikuwa amekaa bure. Lakini kuinama juu ya beseni hakumpi mtoto kule kuruka na kukimbia kunakoimarisha mifupa na pumzi, wala hakumpi furaha ya kuwa na rika lake. Na umri ule ndio ambao bibi na shangazi huanza kusema kwamba huyu sasa ni msichana mkubwa. Wengine waliingia katika kufungwa kwa skuli wakiwa watoto na wakatoka wakiwa wameshaambiwa hivyo. Waliporudi, niliwaona wakikaa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, wakiwatazama wadogo zao wakicheza nage. Naamini hilo ndilo lililompata binti yako, wala si uvivu.

Niseme pia, kwa haki, kwamba si kila kitu kilitokana na korona. Masika yalikuwa yakinyesha, na Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, wakati ambao watoto wetu hupunguza mbio kila mwaka. Wanaokaa katika majumba ya Michenzani walikuwa na shida yao nyingine: mdogo wangu anaishi huko ghorofani, na wanawe walizizoea simu kwa namna ambayo haijaondoka mpaka leo.

Kuhusu la kufanya, sisi tulikubaliana na jirani mmoja tu, nyumba mbili, kwamba baada ya sala ya alasiri watoto wetu wote, wa kike kwanza, watakuwa uani kwake hadi karibu na magharibi, na kwamba saa hiyo hakuna anayeitwa kuosha vyombo wala kutumwa dukani. Kamba moja na mpira wa matambara vilitosha. Kuchagua nyumba moja ya kudumu kulipunguza mchanganyiko wa watu, na uani penye upepo ni salama zaidi kuliko chumba walichojazana, kwa kuwa maradhi haya huambukiza zaidi katika hewa iliyofungiwa. Barakoa hazikuhitajika wakati wa kukimbia. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2020 kwamba mtoto asivae barakoa akifanya mazoezi, bali aachiane nafasi na mwenzake. Zile dakika 60 si lazima ziwe za mfululizo, na kuruka kamba kunahesabika katika mazoezi ya mifupa na misuli yanayotakiwa angalau siku tatu kwa wiki.

Mtoto aliyeugua mwenyewe ni jambo jingine. Asirudishwe mchezoni mpaka homa na dalili zimalizike, kisha aanze kwa kutembea na kuongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na akilalamika maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ovyo au kuzimia, apelekwe kwa daktari kwanza.

Kwa binti yako mkubwa, usimpeleke kiwanjani peke yake ukamwambia akimbie, kwa sababu ataona haya na ataacha. Zungumza na mwalimu wa kike wa skuli yake kuhusu netiboli, na umtafutie rafiki wawili waingie pamoja. Kwa mdogo wake, usingoje tangazo la kufungwa kwa skuli. Kaeni wewe, mama yake na jirani mnayeaminiana, mkubaliane sasa hivi ni ua wa nani na ni saa ngapi, na bibi yake awepo katika mazungumzo hayo, kwani yeye ndiye atakayemwita ndani.