Weller ya miaka 12: imekomaa au imezidiwa na pipa?

Mkuu, umeuliza utajuaje kama Weller ya miaka 12, wiski ya Kimarekani aina ya bourbon, imekomaa vizuri au imezidiwa na ladha ya pipa. Anza na nafaka. Bourbon kisheria ni mahindi angalau asilimia 51, na nyingi huongezewa nafaka iitwayo rai (rye), inayoleta ukali wa viungo. Kwenye Weller nafasi hiyo imechukuliwa na ngano, ambayo ni pole, hivyo utamu wa mahindi na ladha ya mti hujitokeza wazi. Pipa lenyewe ni la mwaloni, jipya, limechomwa ndani, na joto la kiangazi cha Kentucky, Marekani, huisukuma pombe ndani ya ubao mwaka baada ya mwaka. Miaka 12 hapo ni mingi kweli.

Mimina kidogo, iache itulie kama dakika 10. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, maana kileo cha asilimia 45 huchoma pua. Tafuta vanila, karameli, cheri. Halafu onja, izungushe mdomoni, umeze, kisha usikilizie kinachobaki. Hukumu iko hapo. Ukibaki na utamu mrefu wenye ukavu kidogo, imekomaa. Ukibaki na ukakasi kwenye fizi kama umetafuna ndizi mbichi, mti umeshameza nafaka.

Binafsi naipenda hii kuliko Pappy Van Winkle ya miaka 23, bourbon nyingine, ambayo kwangu mwaloni umetawala mno. Bei za walanguzi usilipe kabla hujaonja glasi moja baa.