Kidonda alichorudi nacho kaka kutoka Saudia, kitatuambukiza?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Kaka yangu karudi Saudia mwezi uliopita, alikuwa kwenye mashamba ya mitende huko Al-Ahsa, sasa mkononi kamtoka kitu kama chunusi kikawa kidonda, hakipoi na cha ajabu hakimuumi. Antibayotiki kameza, wapi! Jirani anasema kidonda ndugu, bimkubwa keshamtengea sahani na taulo na watoto hawaruhusiwi kumkaribia. Kweli kinaambukiza?
Dada mtu, Micheweni

JIBU: Waalaykum salaam. Kwanza bimkubwa amrudishe mwanawe kwenye sinia, kidonda hichi kama ndicho ninachokidhani hakiendi kwa sahani wala taulo wala kushikana mikono. Bila kipimo siapi, ila mtu katoka Al-Ahsa, na kama kingo za kidonda zimeinuka na katikati gaga, maumivu hamna, hapo lazima mtu afikirie ugonjwa wa lishmania ya ngozi.

Unaletwa na vimelea vinavyobebwa na nzi wa mchanga, jike tu ndo anafyonza damu, kadogo mno milimita 2 au 3 hivi, hakaimbi masikioni kama mbu na kanatoka magharibi mpaka alfajiri. Msije mkaogopa ufukwe jamani, huyu hazaliani mchanga wa bahari, anataka udongo wa unyevunyevu, nyufa za kuta, mashimo ya panya. Na Al-Ahsa ndo penyewe: kuna panya wa jangwani anakula majani ya chumvichumvi, vimelea anavyo mwilini, na nzi anaishi humohumo shimoni kwake, usiku akitoka akamkuta kibarua kalala nje bila chandarua, basi tena. Panya huyo Pemba hayupo, kwa hiyo nyumbani kwenu mnyororo umekatika.

Si kila pahala ni panya lakini. Kabul (Afghanistan) na Aleppo (Syria) nzi anatoa vimelea kwa binadamu anampeleka kwa binadamu mwengine, ndo maana vita vikibomoa nyumba na watu wakibanana ugonjwa unapanda. Na msidhani ni Uarabuni tu, hapo Mlima Elgon na milima ya Ethiopia anayeuhifadhi ni pimbi wa mapangoni. WHO inakisia wagonjwa wapya 600,000 hadi milioni 1 kila mwaka duniani.

Kuchelewa kutokea kusikutieni shaka, toka kung'atwa mpaka chunusi hupita wiki kadhaa, hata miezi. Antibayotiki haziui vimelea hivi, na ule unga wa vidonge vya rangi mbili mnaonyunyizia kidondani (najua mnanyunyizia) acheni. Aende hospitali wamkwangue ukingoni mwa kidonda waangalie kwa hadubini, na aseme mwenyewe kuwa alikuwa Al-Ahsa maana daktari wa huku hakioni kila siku, asipoambiwa atampa antibayotiki nyengine. Vidonda vyengine hupoa vyenyewe baada ya miezi vikaacha kovu, vyengine huchomwa sindano pembeni ya kidonda, kikiwa usoni au kwenye kiungo kisingojewe.