Fundi Akisema "Nachonga Kidogo Tu", Mnyang'anye Tindo

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji anayejenga ghorofa moja Kibamba: "Dada, slabu tulimwaga mwezi uliopita. Leo fundi bomba kasema bomba la choo cha juu halina pa kupita, atachonga bimu kidogo tu. Nimruhusu?" Ile "kidogo tu" ilinisokota tumbo, maana bimu ndiyo boriti ya zege inayobeba slabu, ile sakafu ya juu. Nilimpigia papo hapo, saa tano usiku, hata salamu sikukumbuka.

Neno hilo mimi lilinigharimu Sh 2,300,000.

Nyumba yangu iko Madale. Habari za kiwanja, msingi na mikopo ya vikoba naziruka, sote tunazijua. Twende siku ya zege. Jumamosi, vijana zaidi ya ishirini, mashine inanguruma, mama kapika pilau la sufuria kubwa, mimi napiga picha kila ndoo inayopanda. Nilijiona nimemaliza dunia. Aliyekosekana ni fundi bomba peke yake. Nilimwacha makusudi: sikutaka kumpa advansi mapema, na fundi mwashi alinihakikishia kwamba "mabomba ni mambo ya baadaye".

Baadaye ikafika. Choo cha juu kiko upande wa ndani, bomba la kushusha maji machafu liko ukuta wa nje, na katikati yao imekaa bimu yenye kina cha sentimita 45, pale juu ya sebule. Mimi nipo kazini Posta. Fundi bomba akanitumia picha kwa WhatsApp: bimu imechongwa kwa chini, pengo la kutosha bomba la inchi 4, na alama ya dole gumba juu. Jibu langu bado ninalo kwenye simu: "Safi sana kaka, Mungu akubariki."

Jumapili shemeji yangu, ambaye ni injinia, alikuja kula. Hakula. Alisimama chini ya ile bimu akauliza taratibu, "Shemeji, hizi nondo kakata nani?" Mbili za milimita 16, zimekatwa kwa grinda kama miwa. Jioni ile ile mirunda ikarudi chini ya slabu. Mama, ambaye tangu jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 2024 akisikia tu neno bimu anashika kichwa, aligoma kuingia ndani miezi miwili. Fundi naye simu ikawa haipatikani.

Nikamuuliza shemeji, kwani tundu moja lina ubaya gani? Akaenda jikoni akachukua sponji ya kuoshea vyombo, akaitia mkato mdogo kwa chini, akaishika ncha mbili, akaniambia niikandamize katikati. Pale kwenye mkato pakafunguka kama mdomo. Bimu ikibeba mzigo, katikati yake upande wa chini unavutwa, na wanaozuia mvuto huo ni zile nondo. Yeye alisoma Uingereza. Anasema huko sakafu nyingi za juu zinakaa kwenye mbao nene, na mabomba ya maji moto ya kupasha vyumba yanapitishwa humo humo. Lakini fundi hatoboi anapojisikia: tundu linakaa katikati ya kina cha mbao, na upana wake hauzidi robo ya kina hicho. Kama mbao ina masharti, sembuse zege langu!

Sasa wewe unayejenga, nisikilize. Mwite fundi bomba kabla ya zege. Narudia, kabla ya zege. Akae na injinia, wachore kila bomba litakapopita, na panapolazimu kuvuka bimu, injinia aonyeshe mahali, kiwekwe kipande cha bomba pana zaidi kati ya nondo kabla hamjamwaga. Maji safi hayasumbui sana, presha inayasukuma, bomba la plastiki la PPR unalizungusha kona utakavyo. Ila la maji moto, panapopita nje ya zege, liachie nafasi ya kurefuka: mita 10 za PPR ya kawaida, joto likipanda nyuzi 40, zinarefuka kama sentimita 6. Maji machafu ndiyo yenye kiburi, yanataka mteremko tu. Mimi niliambiwa sentimita 2 na nusu kila mita, kwa hiyo mita 4 zimeshakula sentimita 10, na huwezi kuyarusha juu ya bimu kisha yashuke.

Tunapenda picha za zege, jamani. Tunapenda kusikia "hongera, umepandisha". Mchoro wa mabomba hauna likes, ndiyo maana hatuulipii. Mimi nilibana advansi ya fundi, nikaja kulipa nondo mpya, zege jipya la kuivalisha bimu, na siku za injinia ambaye, shemeji au si shemeji, alinipa ankara. Na advansi yenyewe nilikuwa nayo.

Choo nilikihamishia ukuta wa nje, hatua tatu tu kutoka pale. Bomba linashuka moja kwa moja, bimu haliigusi. Hatua tatu! Zingechorwa kwa penseli siku moja.

Dada wa Kibamba kaniambia fundi wake kanuna, anasema amechonga bimu nyingi na hakuna iliyoanguka. Anune. Mwambie asubiri injinia aje. Wangu aliondoka akasahau tindo yake, ipo stoo mpaka leo. Hajawahi kuja kuidai.